Kunguni hahesabu nyota za hoteli

Mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Chicago, Marekani, ilitoa hukumu ambayo ukiisoma leo unaweza kucheka huku unajikuna. Ndugu wawili, kaka na dada, walikuwa wamelala katika hoteli moja ya jijini humo wakaamka wameumwa vibaya na kunguni. Kwenye ushahidi ikabainika kwamba hoteli ilikuwa ikijua kitambo. Mwaka 1998 kampuni ya kuua wadudu iliwakuta kunguni pale, ikasema itapiga dawa vyumba vyote kwa dola 500. Hoteli ikakataa. Baadaye meneja wa hapohapo alipendekeza kwa bosi wake hoteli ifungwe kwa muda ili ipigwe dawa, naye akakataliwa. Badala yake watu wa mapokezi walipewa maelekezo: mgeni akilalamika, mwambieni ni kupe.

Kupe! Eti mgeni akisikia kupe atarudi kulala.

Mgeni mmoja alihamishwa chumba baada ya kuumwa, akawakuta kunguni huko alikohamia, akapewa cha tatu, na kabla dakika 18 hazijaisha akawaona tena. Chumba namba 504, walichopewa wale ndugu wawili, kilikuwa kwenye orodha ya vyumba visivyopaswa kupangishwa mpaka vitibiwe, lakini usiku ule wateja walikuwa wengi. Baraza la raia walioisikiliza kesi mwanzoni liliwapa kila mmoja dola 5,000 za fidia na dola 186,000 za kuiadhibu hoteli, na Jaji Richard Posner wa mahakama ile ya rufaa akaiacha adhabu hiyo kama ilivyo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: fidia ya mtu aliyeumwa na mdudu ni ndogo, kwa hiyo hoteli ikitozwa fidia tu itaona heri kuendelea kuficha na kupangisha.

Nimeanza na kesi hii kwa sababu maelekezo ya kawaida kuhusu kunguni hotelini, yale ya kagua godoro, inua begi, fua kwa maji ya moto, huruka jambo linaloyafanya yote yawe magumu. Kunguni kwa maumbile yake ni mdudu dhaifu. Hana mabawa, haruki kama kiroboto, hajengi kichuguu, na joto la nyuzi 50 linammaliza. Anadumu kwa sababu kila anayemwona anaona haya kumtaja. Mgeni anaogopa kuonekana amemleta yeye, mfanyakazi wa usafi anaogopa kulaumiwa, meneja anaogopa jina la hoteli. Wakati wote hao wamenyamaza, kunguni anataga.

Haya hiyo inatokana na imani kwamba kunguni ni mtoto wa uchafu. Si kweli. Mende hufuata makombo, nzi hufuata uvundo, lakini kunguni chakula chake ni kimoja, damu, na kwake aliyeoga na asiyeoga ni sahani ileile. Chumba chenye mrundikano wa vitu humpa mahali pengi pa kujificha, hilo ni kweli, ila hakimzalishi. Huletwa. Huingia hotelini jinsi wageni wanavyoingia, akiwa ndani ya begi, kwenye pindo la koti, katika mkunjo wa mkoba wa kompyuta, na hoteli yenye wageni wengi wanaotoka mbali ina nafasi kubwa zaidi ya kumpokea kuliko nyumba ya wageni yenye vyumba vinne, hata kama sakafu ya hoteli hiyo inang'aa kiasi cha kujiona uso. Ufaransa walilikumbuka hili vuli ya 2023, wakati Paris nzima ilipokuwa ikizungumzia kunguni. Miezi michache kabla, shirika la serikali linaloshughulikia usalama wa afya, Anses, lilikuwa limeeleza kwamba kati ya mwaka 2017 na 2022 asilimia 11 ya kaya za nchi hiyo ziliwahi kuwa na kunguni. Huwezi kuwa na idadi hiyo kwa wachafu peke yao.

Kuna uchafu mmoja tu unaomvutia, nao ni wetu sisi wasafiri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walionyesha mwaka 2017 kwamba kunguni huenda kwenye mfuko wa nguo zilizovaliwa mara mbili zaidi ya wanavyoenda kwenye mfuko wa nguo safi. Harufu ya mwili iliyobaki kwenye shati inawatosha kudhani kuna mtu. Ile fulana ya jana uliyoitupa sakafuni kando ya kitanda, basi, ni kama umempungia mkono.

Ili kumpata inabidi kumjua kidogo. Wanaotuuma ni hasa aina mbili: Cimex lectularius, aliyezoea nchi za baridi na za joto la kiasi, na Cimex hemipterus wa ukanda wa joto. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, na tabia zao zinakaribiana, isipokuwa huyu wa pili ni hodari zaidi wa kupanda sehemu laini. Mkubwa ana milimita kama 5 hadi 7, wa rangi ya kahawia, bapa kama kadi akiwa na njaa, kisha akishiba anavimba, anarefuka na kuwa mwekundu. Wachanga wana rangi ya majani makavu, karibu wanapenyeka kwa mwanga, na mayai ni meupe ya milimita moja, yamegandishwa kwenye nyufa. Mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi. Kuanzia hapo mdudu hupita hatua tano kabla ya kukomaa, na kila hatua anahitaji kunyonya damu mara moja ndipo ajivue ngozi. Chumba chenye joto zuri na mlo wa uhakika, yai huwa kunguni kamili katika wiki tano au sita. Jike hutaga yai moja hadi matano kwa siku, na maishani mwake anaweza kufikisha mamia. Jike mmoja aliyekwisha pandwa anatosha kuanzisha ukoo, maana watoto wake hupandana wenyewe kwa wenyewe bila madhara yanayowapata wanyama wengine.

Huyo jike ana habari nyingine ya kutisha. Dume la kunguni halitafuti njia ya uzazi. Humchoma jike tumboni, kwenye ngozi, na kumwaga mbegu humo. Majike walioshiba na kuchomwachomwa hujitenga na kundi, na hii hutajwa kuwa sababu mojawapo ya kunguni kusambaa kutoka kitandani hadi pembe za chumba na vyumba vya jirani. Nimeieleza kwa kuwa inajibu swali la mgeni anayeshangaa: kitanda kimebadilishwa, mbona bado wapo?

Usiku, mara nyingi saa chache kabla ya alfajiri, anavutwa na hewa tunayotoa puani, joto la mwili na harufu yetu. Ananyonya kwa dakika 5 hadi 10 kisha anarudi mafichoni, na anaweza asile tena kwa siku kadhaa. Asipopata mtu hana haraka. Anaweza kukaa miezi bila kula, hasa pakiwa na baridi. Kukifunga chumba wiki mbili kwa matumaini kwamba watakufa njaa ni kuwapa likizo.

Sasa tuingie chumbani. Begi lisiguse kitanda wala zulia kabla hujakagua. Liache bafuni, kwenye vigae, au kwenye stendi ya chuma ya mizigo iliyosogezwa mbali na ukuta, baada ya kuiangalia stendi yenyewe, hasa mikanda yake. Washa tochi ya simu hata kama taa zinawaka, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha vivuli vya vitu vidogo. Wengi hukimbilia katikati ya shuka. Shuka hubadilishwa, kwa hiyo huenda hapana kitu. Anza upande wa kichwani. Vua shuka kwenye pembe mbili za juu, fuata mshono wa godoro kwa kidole, angalia chini ya lebo na kwenye mikunjo ya kona, kisha inua godoro uone chaga na maungio ya fremu. Halafu ubao wa kichwani. Hotelini ubao huu mara nyingi umefungwa ukutani, haubanduliwi kirahisi, na nyuma yake pana giza, pana ukavu, na hapafagiliwi. Kama ningekuwa na dakika moja tu ya kukagua, ningeitumia hapo, kwa kumulika ule mwanya kati ya ubao na ukuta. Ukiwa na muda, malizia na droo ya meza ya pembeni, matundu ya skrubu, nyuma ya picha, pindo la pazia na mishono ya kochi.

Usitarajie kumwona mdudu mwenyewe. Unachotafuta ni madoa meusi kama ya ncha ya kalamu ya wino, yamekusanyika pamoja. Hayo ni mavi yake, yaani damu iliyosagwa. Lowesha karatasi laini ulipanguse doa: likienea na kuacha rangi ya kahawia au nyekundu, una sababu ya kwenda mapokezi. Ngozi alizojivua ni dalili nyingine, nyepesi na zenye umbo lake kamili kama koti lililoachwa. Alama ndogo za damu kwenye shuka zinaweza kuwa zake, zinaweza pia kuwa za mbu aliyebanwa au chunusi. Harufu nayo hutajwa sana, utamu fulani wenye ukungu, ila ukifikia hatua ya kuwanusa ujue wamekuwa wengi na walipaswa kuonekana zamani.

Na alama mwilini je? Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kuumwa na kunguni hakuna sura ya peke yake. Mara nyingi ni vipele vinavyowasha, pengine vimepangana kwenye mstari sehemu zilizokuwa wazi, lakini mbu, viroboto na mzio wa sabuni huweza kuonekana vivyo hivyo. Kuna watu wanaoumwa kila usiku na ngozi haisemi kitu, ndiyo maana mume anaweza kuamka na vipele kumi na mke aliyelala ubavuni asiwe na hata kimoja, wakaanza kubishana. Kwa wengine alama huchelewa kutokea, hata hadi siku 14. Fikiria maana yake kwa msafiri aliyelala hoteli tatu katika siku hizo. Vipele vimetoka kwenye ya tatu, wakati aliumwa kwenye ya kwanza, au nyumbani kwake kabla hajaondoka. Kwa sababu hiyo vipele peke yake si ushahidi dhidi ya hoteli yoyote, na meneja anayelisema hilo hakudanganyi. Ushahidi ni mdudu, ngozi yake au madoa yake, vikipigwa picha palepale kitandani.

Jambo moja la kutuliza moyo: haijathibitika kwamba kunguni huwaambukiza watu magonjwa katika maisha ya kawaida, ingawa wanakunywa damu na hofu hiyo ni ya asili kabisa. Madhara ni muwasho, vidonda vya kujikuna vinavyoweza kupata bakteria, mzio mkali kwa wachache, na kukosa usingizi. Hilo la usingizi nisingelichukulia kijuujuu. Kuna watu wanaoendelea kuwahisi wakitembea mwilini wiki kadhaa baada ya chumba kuwa safi.

Ukiwakuta, usiwaponde wote kwa hasira. Mkamate mmoja kwa utepe wa gundi unaopitisha mwanga au mtie kwenye chupa ndogo, piga picha, kisha nenda mapokezi ukaseme bila kupiga kelele mbele ya wageni wengine. Ushauri huu si kwa ajili ya kuisitiri hoteli. Mhudumu aliyeaibishwa hadharani atajitetea tu, na atakachokana mbele ya watu hatakiandika kwenye kumbukumbu. Unataka aandike. Omba chumba kingine, na hapa uwe mkaidi. Usikubali chumba cha ubavuni, cha juu au cha chini ya ulichotoka. Kunguni hupita kwenye mabomba, nyaya, matundu ya soketi na chini ya mbao za ukutani, kwa hiyo vyumba vinavyokizunguka chumba kilichoathirika ndivyo vya kwanza kushukiwa. Omba ghorofa nyingine, upande mwingine, na ukikague upya kama vile hujawahi kukagua. Kwa mgeni yule wa Chicago, dakika 18 zilitokana na kuhamishwa ndani ya jengo ambalo tatizo lilikwisha kuenea. Hali ikiwa hivyo, dai fedha zako uondoke.

Lakini kuhama na mizigo ileile ni kumhamisha na kunguni. Kabla ya kutoka chumba cha kwanza, tia nguo kwenye mifuko ya plastiki na uifunge vizuri, kagua zipu na pembe za begi kwa tochi, na hoteli yenye busara itakupa huduma ya kuzikausha nguo zako kwa mashine ya moto bila malipo. Kama hawajajitolea, waombe. Ni gharama ndogo kwao kuliko chumba cha pili chenye kunguni.

Kwa upande wa wenye hoteli, kosa la kwanza ni kopo la dawa. Mgeni analalamika, mhudumu anakuja na dawa ya mbu, ananyunyizia kitanda, anaondoka, na mgeni analala juu ya kemikali isiyokusudiwa kwa kitanda. Dawa hiyo mara nyingi hufanya kunguni watawanyike tu. Kosa la pili ni mabomu ya moshi wa dawa yanayofunguliwa katikati ya chumba. Moshi hujaa hewani na kutua juu ya vitu, wakati kunguni yuko nyuma ya ubao na ndani ya mshono ambako haufiki. Kosa la tatu ni kutupa godoro. Godoro jipya kwenye fremu ileile, mbele ya ubao uleule, ni nyumba mpya kwa wapangaji wa zamani, na lile la zamani likiburutwa kwenye korido bila kufungwa huwaangusha njia nzima.

Chini ya makosa haya kuna historia. Miaka ya 1940 dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT iliwafagia kunguni katika nchi nyingi hata kizazi kizima kikakua bila kumjua mdudu huyu kwa macho. Ila kufikia mwaka 1947 tayari kulikuwa na kunguni kwenye kambi za jeshi la wanamaji huko Hawaii ambao DDT haikuwaua. Kisha zikaja dawa za kundi la pairethroidi, nazo kunguni wakazizoea. Baadhi ya kunguni wa leo wana mabadiliko kwenye mishipa yao ya fahamu yanayoifanya sumu ikose pa kushika, wengine wana ngozi nene inayoichelewesha kuingia, wengine wanaivunjavunja mwilini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wamerudi kwa nguvu. Kuongeza dozi hakusaidii. Humdhuru zaidi anayelala.

Kinachofanya kazi ni mchanganyiko, na hakina njia ya mkato. Joto ndilo silaha ambayo kunguni hajaizoea: wataalamu hukipasha moto chumba kizima kwa saa kadhaa, wakipima hadi kwenye kona za ndani kabisa, kwa kuwa kwenye nyuzi 48 mayai huhitaji zaidi ya saa moja kufa, na zikipita 50 wakubwa kwa wadogo humalizika upesi. Mashine za mvuke hutumika kwenye mishono. Magodoro huvalishwa vifuniko vya zipu vinavyowafungia waliomo na kuwanyima maficho wanaokuja. Mbwa waliofundishwa kunusa huweza kukipitia chumba kwa dakika chache, ingawa nao hukosea na matokeo yao yanapaswa kuthibitishwa kwa macho. Dawa huwekwa kwenye nyufa, na mtaalamu hurudi baada ya wiki mbili hivi kwa ajili ya walioanguliwa. Anayeahidi kumaliza kwa ziara moja ya kupuliza, sikiliza kwa tahadhari. Na chumba kilicho ubavuni kikaguliwe siku hiyohiyo, hata kama hakuna mgeni aliyekilalamikia.

Ila hakuna kifaa kinachomshinda mtu anayetandika kitanda kila asubuhi. Yeye ndiye anayeshika mshono kabla ya wote. Swali la kuuliza kuhusu hoteli yoyote ni hili: mhudumu wa usafi akiona madoa matatu nyuma ya ubao leo, kesho atashukuriwa au atakatwa mshahara? Anayekatwa mshahara atafuta madoa kwa kitambaa na kutandika. Miezi miwili baadaye hoteli itayasoma malalamiko mtandaoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky waliwahi kupima hasara hiyo: taarifa moja tu ya kunguni kwenye maoni ya wageni ilishusha thamani ya chumba machoni pa msafiri wa kikazi kwa dola 38 kwa usiku, na kwa dola 23 kwa anayesafiri kwa mapumziko. Waliona pia kwamba wengi wa wasafiri hao, wakionyeshwa picha za wadudu, walishindwa kumtambua kunguni ni yupi. Kwa hiyo andika maoni, ndiyo, lakini andika ulichokiona na mahali ulipokiona, si ulichokihisi usiku wa manane.

Unaporudi nyumbani begi lisipite chumba cha kulala. Lifungulie mlangoni, barazani au bafuni. Nguo zote, hata zile ambazo hukuzivaa, ziende moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 60 au kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mkali kwa nusu saa. Kwa vitambaa visivyostahimili maji ya moto, kukausha kunatosha, maana kinachoua ni joto. Viatu, vitabu na vitu visivyopashwa moto vinaweza kufungwa kwenye mfuko na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne kamili, na usiifungue kila mara. Kulianika begi juani ndani ya mfuko mweusi hakuaminiki, kwa kuwa katikati ya mzigo joto huenda lisifike na kunguni huhamia upande wenye ubaridi. Begi lenyewe lipige mswaki mgumu kwenye mishono, lipitishe mashine ya kufyonza vumbi, kisha mfuko wa mashine uufunge na kuutupa nje. Halafu lihifadhi mbali na kitanda, na kwa wiki sita zinazofuata, kila unapobadilisha shuka, mulika kichwani mwa godoro.